Makato yasiyosomwa kwenye mnada wa simuni

Mkulima wa Newala akisikia bei ya mnada wa korosho, swali lake la kwanza ni moja: baada ya makato inabaki ngapi? Anajua bei iliyotangazwa itapita kwenye ushuru wa halmashauri wa asilimia 3, ipite chama cha msingi, chama kikuu, ghala na usafirishaji, ndipo kinachosalia kiingie kwenye akaunti yake. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao mkulima hukabidhi mazao ghalani yakanadiwa hapo, uanze kutumika kwenye korosho msimu wa 2007/2008, watu wa Mtwara na Lindi wamejifunza kuhesabu makato hadi shilingi ya mwisho. Msimu wa 2024/2025 bei ilipovuka shilingi 4,000 kwa kilo, na minada ikawa inaendeshwa kidijitali kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, swali la mkulima lilibaki lilelile.

Sasa mtazame mtoto wa mkulima huyo, anayeishi Ligula au Chikongola, mjini Mtwara, anapotaka kuuza televisheni yake iliyotumika. Anaipiga picha tatu, anazitupia kwenye kundi la WhatsApp la mauzo na kuandika: "Inchi 43, haina tatizo, dau linaanza laki mbili, tunafunga kesho saa mbili usiku." Dau likifika laki mbili na themanini, anahesabu kwamba ana laki mbili na themanini. Amerithi kwa baba yake tabia ya kunadi, lakini ile ya kukagua makato hakuirithi. Mnada wa simuni una makato mengi kuliko ule wa ghalani, ila hakuna anayesimama mbele ya watu kuyasoma.

Naandika haya nikiamini kwamba soko la mtandaoni limetusaidia sana huku Kusini. Zamani ukitaka kuuza friji kwa haraka, njia zilikuwa mbili: umpe dalali, au umpelekee fundi aliyekadiria bei kama ananunua vyuma chakavu. Leo mtu wa Nachingwea anaweza kumuuzia mtu wa Mikindani bila kumwona. Hilo ni jema na silipingi. Ninalopinga ni kulichukulia soko hili kama la bure kwa sababu tu hakuna anayekutoza mlangoni.

Wenzetu waliotangulia kwenye biashara hii wamezoea kuziona gharama zikiwa zimeandikwa. eBay, soko la minada la mtandaoni, ilianzishwa California mwaka 1995 na Pierre Omidyar, na kitu kinachotajwa kuwa cha kwanza kuuzwa hapo ni kifaa kibovu cha miale ya leza, kilichonunuliwa kwa dola 14.83. Siku hizi muuzaji wa Marekani hukatwa kama asilimia 13 kwa bidhaa nyingi, na asilimia hiyo hupigwa juu ya jumla yote aliyolipa mnunuzi, ikiwamo gharama ya kusafirisha. Yaani muuzaji anakatwa hata kwenye hela ya posta. Ujerumani mwaka 2023 na Uingereza mwaka 2024, wauzaji binafsi waliondolewa makato hayo. Uingereza haikuchukua muda, mnunuzi akaanza kutozwa ada ya kumlinda. Gharama ilitoka mfuko mmoja ikahamia mwingine. Huku kwetu hakuna asilimia 13 wala ada ya ulinzi, kwa hiyo gharama zote zimelala kwenye mfuko wa muuzaji bila jina.

Tuirudie televisheni ile ya inchi 43, nami nitumie tarakimu za mfano tu ili hesabu ionekane. Mshindi wa dau yuko Nachingwea, kwa 280,000. Boksi la awali la televisheni lilishatupwa zamani, kwa hiyo muuzaji anakwenda maduka ya vifaa vya umeme kuomba boksi, ananunua gundi na vipande vya povu la godoro: 8,000. Kabla ya hapo mnunuzi ametaka fundi aithibitishe, na fundi kapewa 5,000. Bajaji hadi stendi ya Mkanaledi ni 4,000, maana televisheni huwezi kuipakata kwenye bodaboda. Ofisini kwa basi wanataka 15,000 ya mzigo, na mnunuzi anasema yeye alijua bei ni pamoja na usafiri. Hela inaingia kwenye simu bila ya kutolea, na kuitoa kwa wakala inakula tuseme 6,000. Admini wa kundi anadai asilimia 5 ya udalali: 14,000. Jumla ni 52,000. Televisheni ya 280,000 imeuzwa 228,000, na jirani wa nyumba ya tatu alikuwa ametaja 240,000, aibebe mwenyewe jioni ileile.

Hapo sijagusa bando wala muda. Kila aliyewahi kutangaza kitu anayajua mazungumzo haya:

"Dada, bado ipo?"

"Ipo kaka."

"Mwisho ngapi?"

"Dau limefika laki mbili na sitini, mnada unafungwa saa mbili."

"Achana na mnada, nikupe laki mbili sasa hivi."

Kisha kimya. Baada ya saa moja anakuja mwingine na "bado ipo?" yake. Wanaotaka video inayoonyesha kioo kikiwaka nao wapo, na video hiyo unairekodi umeme ukiwapo, jambo ambalo mikoa hii miwili haijawahi kulichukulia kirahisi. Fundi cherehani anayelipwa kwa nguo anayoshona, akikaa na simu nusu siku akijibu watu ambao hawatanunua, amelipa kwa suruali ambayo hakuishona. Gharama hiyo haionekani kwa sababu haikutoka kwenye pochi, lakini wikiendi ikifika ataiona.

Kuna jambo la ndani zaidi kuhusu mnada, ambalo naona wengi wetu hatujalitafakari. Kwenye mnada wa kupandisha dau, anayeamua bei si yule anayekitaka kitu kuliko wote. Anayeiamua ni wa pili wake. Mshindi hupandisha mpaka pale mshindani wa mwisho anapoishiwa, anaongeza kidogo juu yake, basi. William Vickrey aliyaonyesha haya kwa hesabu mwaka 1961 na mwaka 1996 akapewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Maana yake kwa mtu wa Lindi ni nzito. Hata kama yupo mtu mmoja aliye tayari kutoa laki nne kwa friji lako, asipokuwapo wa pili mwenye laki tatu na nusu, friji linaweza kuondoka hata kwa laki mbili na ishirini. Dar es Salaam wanunuzi ni wengi, wa pili na wa tatu hawakosekani. Kundi la watu wachache wa Ruangwa au Kilwa Masoko, ambao nusu yao wamezima sauti ya arifa, linaweza kuwa na mnunuzi mmoja tu wa kweli. Huyo atanunua kwa bei ya kuanzia. Ndiyo maana nasema kitu ambacho wanaokihitaji ni wachache, mfano mashine ya kusaga, kamera au kinanda, kisinadiwe kabisa kwenye kundi dogo. Kitajiwe bei na kisubiri mtu wake.

Majira nayo yanaingia hapa. Mikoa yetu ina miezi ya hela na miezi ya kukaza mkanda. Kuanzia Oktoba malipo ya korosho yanapoanza kushuka kwenye akaunti, mwendesha bodaboda wa Tandahimba ananunua sabufa, na mwenye nyumba ya udongo anaulizia jenereta. Ikifika Machi wanunuzi ni walewale waajiriwa wa serikali, nao wana mikopo yao. Anayenadi kochi mwezi Machi ananadi mbele ya ukumbi mtupu. Tatizo ni kwamba mwenye shida huwa hana nafasi ya kuchagua mwezi. Januari mtoto akipangiwa shule ya bweni, panahitajika godoro, sanduku, sare na michango, na hapo ndipo vitu vya ndani vinapigwa picha. Mama anaandika kwa uaminifu kabisa: "Nauza haraka nina shida." Maneno hayo manne yanamgharimu kuliko bajaji na basi kwa pamoja, kwa sababu kila anayesoma anajua kwamba akivumilia hadi jioni bei itashuka. Namwomba kila anayesoma hapa: shida yako usiiweke kwenye tangazo. Iseme kwa ndugu, sokoni itaje bidhaa.

Gharama kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ya mashaka. Mchumi wa Marekani George Akerlof aliandika mwaka 1970 kuhusu soko la magari yaliyotumika, na baadaye, mwaka 2001, akawa miongoni mwa waliopata Nobel. Hoja yake ni hii: muuzaji anajua hali ya gari, mnunuzi haijui. Kwa kuwa hawezi kutofautisha zima na bovu, mnunuzi anatoa bei ya katikati kwa yote. Mwenye gari zima anaona bei hiyo ni ya dhuluma, anajiondoa sokoni. Yanabaki mabovu mengi zaidi, na bei inazidi kushuka. Hivyo ndivyo ilivyo kwenye makundi yetu. Simu ikiuzwa bila boksi wala risiti, mnunuzi anaikata laki nzima kichwani mwake kabla hajafungua mdomo, kwa kuwa mwezi uliopita binamu yake aliuziwa simu iliyobadilishwa kioo. Muuzaji mwaminifu wa Shangani anamlipia tapeli asiyemfahamu.

Makato haya hayana wakala wala stakabadhi, lakini ndiyo yanayoweza kupunguzwa kwa bidii ya muuzaji mwenyewe. Mashaka yanapungua kwa kuonyesha kasoro kabla hujaulizwa. Friji lenye mlango uliolegea, lipigwe picha ya mlango huo karibu kabisa, raba ionekane ilivyopasuka, na iandikwe ilipasuka lini na raba mpya fundi anaiuza ngapi. Nimeona matangazo ya namna hiyo yakivuta dau kubwa kuliko yale ya "haina shida yoyote", na sishangai. Mtu akiambiwa ukweli kuhusu mlango, anaamini kinachosemwa kuhusu mota. Kwa vitu vinavyotumia umeme mwingi, fundi anayejulikana mtaani akiandika kwa mkono wake alichokagua, na namba yake ikawekwa, ile 5,000 yake si hasara. Inarudi ndani ya dau.

Upande wa pili wa mashaka ni utapeli unaomlenga muuzaji. Nchi nzima inaufahamu ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", na wengi tumeshaujua. Wenye minada wanapigwa kwa njia nyingine: mshindi anatuma ujumbe unaofanana kila nukta na wa mtandao wa simu, kiasi, saa, hata salio jipya, kisha anapiga akihimiza mzigo upakiwe kwa sababu basi linaondoka. Muuzaji akiamini ujumbe tu, mzigo umeondoka bila kulipiwa. Aangalie salio kwenye menyu yake mwenyewe, na basi likiondoka kuna lingine kesho. Namba ya tapeli itumwe 15040, ambayo Mamlaka ya Mawasiliano imeiweka kwa kazi hiyo. Inachukua dakika moja na inamwokoa mwingine.

Halafu kuna mshindi anayekimbia. Saa mbili usiku ametajwa, amepongezwa kwa vidole gumba, asubuhi hapokei simu. Ukidhani unaweza kumrudia wa pili kwa dau lake lilelile, utakuta ameshapoa. Anawaza kwamba wa kwanza lazima aligundua kasoro. Anashuka, nawe unashuka naye, na kitu kilichokwisha kunadiwa mara moja kinabeba doa. Kwa hiyo admini anayeruhusu watu kutaja dau bila kutanguliza hata kianzio kidogo cha hela, anawaumiza wauzaji wake.

Usafiri nimeugusa kwa hela, lakini hatari yake ni jambo jingine. Tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe mwaka 2003 tumezoea kuona Dar es Salaam kama jirani, kilomita zaidi ya 500 zinakatwa kwa siku moja. Mwanzoni mwa Mei 2024 mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya ziliikata barabara hiyo upande wa Kilwa, mabasi yakakwama, na mizigo yake pia. Aliyekuwa ameuza kompyuta mpakato kwa mtu wa Mbagala hakuwa na la kumwambia. Mnunuzi anadai hela yake, mzigo uko njiani, na hakuna makubaliano yoyote yaliyosema nani anabeba hasara. Siku za kawaida hatari ni ndogo lakini ipo: televisheni inalazwa chini ya viroba vya dagaa, inafika na mstari mwembamba unaokatiza kioo. Stakabadhi ya ofisi ya basi mara nyingi imeandikwa tu "mzigo 1". Muuzaji asisitize iandikwe ni kitu gani na thamani yake, hata akitozwa zaidi kidogo. Kama ofisi haitaki kuandika thamani, hilo nalo ni jibu, na vitu vya kioo vibaki kwa wanunuzi wa karibu.

Simu na pikipiki zinahitaji neno lao, kwani gharama zake huja baada ya kuuza. Simu iliyouzwa bila kufutwa inaondoka na picha za familia, meseji za miamala na akaunti zilizoachwa wazi. Kutoa laini hakutoshi. Akaunti ziondolewe, simu irudishwe ilivyotoka kiwandani, na mnunuzi aione ikiwaka upya mbele yake. Pikipiki ni zito zaidi. Wengi wanauza, wanakabidhi kadi na funguo, na kila mtu anakwenda zake bila kubadilisha jina la mmiliki kwenye Mamlaka ya Mapato (TRA). Mnunuzi anaikwepa gharama ya kubadilisha, muuzaji anaona si shughuli yake. Siku pikipiki hiyo ikigonga mtu njia ya Mingoyo, au ikitumika kwenye tukio, jina linaloanza kutafutwa ni la muuzaji. Kama mnunuzi hataki kubadilisha jina, bora umpunguzie bei kiasi cha gharama hiyo mwende pamoja, kuliko kuchukua hela yote na kubaki mwenye mali kwenye kumbukumbu za serikali.

Ninachopendekeza kwa muuzaji ni kuanza na hesabu ya mwisho. Kabla hujaandika dau la kuanzia, andika pembeni unachotaka kibaki mkononi, kisha ongeza juu yake boksi, bajaji, basi, ya kutolea na udalali. Hiyo ndiyo bei ya chini, na tangazo liseme wazi: mnunuzi achukulie Ligula, usafiri juu yake, malipo pamoja na ya kutolea. Mwenye duka dogo ni vizuri akawa na lipa namba yake, ile namba ya biashara ya kupokelea malipo kwa simu, ubishi wa ya kutolea unapungua. Na kabla ya yote, jirani aulizwe. Dau la Nachingwea likizidi la jirani kwa elfu arobaini tu, tumeona hesabu yake inavyoishia.

Kwa maadmini nina madai makubwa zaidi, kwa sababu wao wanapokea asilimia yao bila kubeba chochote. Vyama vya msingi vilisukumwa kwa miaka mingi kuonyesha makato hadharani, na kelele za wakulima ndizo zilizovifikisha hapo. Makundi ya mauzo nayo yabandike juu ya kundi, mahali pa kudumu: udalali ni asilimia ngapi na unakatwa kwa nani, kianzio cha mshiriki ni kiasi gani, mshindi akikimbia anaondolewa kwa muda gani, mzigo ukiharibika njiani nani anabeba, na mnunuzi ana siku ngapi za kulalamika. Mistari mitano inatosha. Muuzaji akiingia kwenye kundi asiione, aiulize hapohapo mbele ya wote, na asinadi kitu chake mpaka ajibiwe.